Kuweka Supachaja Kwa Ndai Ya Zamani: Mambo Yote Unafaa Kujua Kabla Ufungue Boneti

Iko hivi. Uko na Corolla ya miaka ya tisini, bodi bado iko fiti, injini haijawahi kukuangusha, lakini ukifika mlima wa Limuru Road na wasee wanne ndani unazima AC ndio ipande. Halafu kuna ile Mercedes imeandikwa "Kompressor" kwa buti inakupita ikipiga mluzi. Unaanza kujiuliza kama na wewe unaweza kufunga kitu kama hicho.

Jibu ni ndiyo, inawezekana, na wasee wamefanya hiyo kazi miaka mingi. Lakini pia ni njia ya haraka sana ya kuua injini poa na kurudi kupanda mathree. Kama hiyo ndai ndiyo inakulipia rent, soma hii yote kwanza, ndio uamue kama utatoa doh.

Supachaja ni nini haswa?

Injini ni pampu ya hewa. Inavuta hewa, inachanganya na petroli, inachoma. Nguvu inategemea ni hewa ngapi imeingia kwa silinda, kwa sababu petroli ni rahisi kuongeza lakini hewa inaingia tu vile presha ya nje inaisukuma.

Fikiria nganya ya abiria 14. Bila makanga, watu wanaingia polepole, wanajaa vile wamejipanga. Sasa weka makanga anayesukuma watu ndani akisema "songa, songa". Gari ni ile ile, lakini imebeba zaidi. Supachaja ndiye huyo makanga. Ni pampu inayozungushwa na belti kutoka kwa krenki, na inasukumia injini hewa zaidi ya ile ingevuta yenyewe.

Turbo inafanya kazi hiyo hiyo, lakini inazungushwa na moshi wa eksozi. Ndiyo maana turbo kubwa inakawia kidogo ukikanyaga. Supachaja ya belti haingoji mtu: ukigusa mafuta, presha iko. Ubaya ni kwamba inakula nguvu ya injini yenyewe ndio izunguke. Kwa injini ya 1600cc yenye presha ya kawaida, unaweza kupoteza zaidi ya farasi 10 kuizungusha tu. Inarudisha zaidi ya hizo, lakini jua hakuna cha bure.

Hii kitu si ya juzi

Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya hewa mwaka wa 1860, kabla gari la petroli halijakuwepo. Ilitumika viwandani. Gottlieb Daimler akachukua hataza ya kusukumia injini hewa mwaka wa 1885. Mercedes wakaanza kuuza magari ya barabarani yenye kompresa mapema miaka ya 1920, na hapo ndipo lile jina Kompressor limetoka. Kwa hivyo ule mluzi unaosikia mtaani ni teknolojia ya kina guka.

Aina tatu za kujua

Ya kwanza ni Roots. Ina rota mbili zinazozunguka zikielekeana na kusukuma hewa mbele. Inatoa presha kuanzia chini kabisa, inafungika kirahisi, na ndiyo utapata kwa magari mengi ya zamani. Shida yake ni kuchemsha hewa.

Ya pili ni ya skrubu pacha. Inafanana na Roots kwa nje, lakini inabana hewa ndani yake yenyewe, kwa hivyo hewa inatoka na joto kidogo kuliko ya Roots. Ni poa lakini bei yake ni ya wenye nazo.

Ya tatu ni ya sentrifugo. Hii ni kama nusu ya turbo iliyofungwa belti. Presha inapanda vile mizunguko inapanda, kwa hivyo chini ni kama haipo, juu ndio inaamka. Kwa ndai ya mjini inayosimama kila roundabout, Roots inaeleweka zaidi.

Wapi watu hutoa supachaja

Wengi hawanunui mpya. Wanatoa kwa gari lililokuja nayo kutoka kiwandani.

Toyota walitengeneza SC12, ilikuwa kwa injini ya 4A-GZE. Hiyo ni 1600cc iliyokuja kwa MR2 mwaka wa 1986, halafu kwa Corolla Levin na Sprinter Trueno. Ilianza na farasi kama 145, na za mwisho zikafika 170. Linganisha na 4A-FE ya kawaida ya ukubwa huo huo, ambayo ina kama 105 hadi 115. SC12 ina klachi ya umeme kama ile ya kompresa ya AC, kwa hivyo ukiendesha polepole inaachana na belti. Toyota pia walikuwa na SC14, kubwa kidogo, kwa 1G-GZE za Crown na Mark II, na kwa Estima.

Eaton ndio walitengeneza M45 ya Mini Cooper S ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2006, na M62 ambayo ilikuwa kwa Mercedes za Kompressor za injini ya M111. Hizo namba ni inchi za ujazo kwa kila mzunguko: M45 inasukuma takriban lita 0.74, M62 takriban lita 1.

Ukienda Grogan ama popote unaponunulia speya, usilipe kabla ya kucheki hivi. Zungusha puli na mkono: inafaa kuzunguka laini, bila kukwaruza. Sukuma shafti huku na huku: ikicheza, beringi zimeisha. Chungulia rota na tochi: zikiwa zimechunana ama zimekula ukuta wa ndani, achana nayo. Cheki pia kama oil imevuja pale mbele kwa puli. Supachaja hizi zina oil yake ya gia, si ya injini, na nyingi zinafika huku hiyo oil haijawahi kubadilishwa.

Hesabu ya presha, na kwa nini Nairobi si Mombasa

Hapa ndipo wasee wengi huingia box, kwa hivyo tulia tupige hesabu pamoja.

Injini ya 1600cc ya mipigo minne inavuta cc 800 kwa kila mzunguko wa krenki. Tuseme umepata M45 ya cc 740, na umeweka puli inayofanya supachaja izunguke mara 1.6 kila krenki ikizunguka mara moja. 740 mara 1.6 ni cc 1,184. Gawanya kwa 800, unapata karibu 1.48. Maana yake injini inasukumiwa hewa mara moja na nusu hivi ya ile ingevuta.

Sasa, presha ya hewa Mombasa ni psi 14.7. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, na presha ya hewa ni kama psi 12 tu. Hiyo ndiyo sababu ndai ya farasi 110 ikiwa Nyali inakuwa kama ya farasi 90 ikiwa Westlands. Asilimia 18 hivi imeenda na mlima, na hakuna fundi anaweza kukurudishia kwa kusafisha plagi.

Chukua ile 1.48. Mombasa, 14.7 mara 1.48 ni karibu 21.8, kwa hivyo geji itasoma psi 7 juu ya hewa ya kawaida. Nairobi, 12 mara 1.48 ni karibu 17.8, geji itasoma psi 5.8. Na kwa hizo 5.8, ile 2.7 ya kwanza inalipa tu deni la mlima. Hii ni hesabu ya mezani. Supachaja huvuja kidogo ndani, na joto hupandisha presha, kwa hivyo geji yako ndiyo itakuwa na neno la mwisho. Lakini picha umeipata.

Sasa ona mtego. Umefunga kitu yako Nairobi, ukatuni Nairobi, inaenda fiti. Desemba imefika, unateremka coast na mbogi yako. Kila kilomita unashuka, hewa inazidi kuwa nzito. Ukifika Mariakani injini yako inapata karibu asilimia 20 ya hewa juu ya ile ulituni nayo, na jua ni kali. Kama kompyuta ya gari haijui hiyo hewa imeongezeka, petroli haitatosha, na pistoni ndiyo italipa. Puli ndogo inayoonekana ya upole Nairobi inaweza kuua injini Mombasa. Chagua puli ukifikiria baharini.

Adui wako anaitwa joto

Mtaani tukisema "injini imenoki" tunamaanisha beringi zimeenda na umebaki na chuma. Lakini kuna noki nyingine inayotangulia, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Hewa na petroli zikibanwa sana zikiwa moto sana, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua polepole kutoka kwa plagi. Unasikia kama mtu anatingisha changarawe kwa mkebe. Ikiendelea sekunde chache chini ya mzigo, inatoboa pistoni ama inachoma gasket ya hedi.

Roots ikibana hewa ya digrii 25 kwa presha tuliyohesabu, hewa inaweza kutoka ikiwa karibu digrii 85 hadi 90. Ndiyo maana unahitaji intakula, ile radieta ndogo ya kupoza hewa kabla iingie injini. Toyota wenyewe waliweka intakula kwa 4A-GZE, na wewe hujawashinda akili.

Pia kuna mbano wa injini yenyewe. 4A-FE ina mbano wa 9.5 kwa 1. Toyota walipoweka supachaja kwa 4A-GZE ya kwanza waliushusha hadi 8 kwa 1, na baadaye 8.9, tena na pistoni za kufuliwa zenye nguvu zaidi. Injini yako ya kawaida haina hizo. Kwa mbano wa 9.5 na pistoni za stock, psi 5 au 6 ndiyo mahali pa watu wenye busara. Msee akikuambia anaweka 12 na hajafungua hedi, mwache aende na yake.

Cheki injini kabla ya kununua chochote

Supachaja haiponyi injini mgonjwa. Inamaliza kazi.

Anza na kipimo cha mbano. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata, soma kila silinda. Usishangae namba zikiwa chini ya zile za kitabu, kwa sababu kitabu kinaongea juu ya usawa wa bahari. La muhimu ni silinda zilingane. Moja ikiwa chini ya zingine kwa zaidi ya asilimia 10, kuna ringi, valvu ama gasket inaongea.

Halafu uliza maswali ya kawaida. Inakunywa oil? Inatoa moshi wa bluu? Inapoteza maji? Presha ya oil iko sawa ikiwa moto? Radieta imejaa kutu kwa sababu mwenye gari wa kwanza alikuwa anaweka maji ya mfereji? Kama jibu la moja tu ni baya, hiyo doh ya supachaja ipeleke kwa kutengeneza injini kwanza.

Vitu utahitaji

Supachaja yenyewe ni kama theluthi ya safari. Hizi ndizo zingine:

1. Breketi ya chuma kizito. Lazima puli zote zikae kwa mstari mmoja kabisa. Zikipishana hata kidogo, belti inaruka ama inakatika. Fundi wa lathe mzuri ni dhahabu hapa.

2. Puli na tenshona. Belti inafaa kushika puli ya supachaja kwa eneo kubwa, la sivyo inateleza. Angalia pia kikomo cha mizunguko: kwa mfano wetu, injini ikiwa 6,500 supachaja iko 10,400. Usipitishe kile mtengenezaji amesema.

3. Manifoldi na mabomba ya hewa, pamoja na intakula.

4. Valvu ya baipasi. Ukiachilia mafuta, inarudisha hewa nyuma ya supachaja badala ya kuibana. Bila hiyo, unachemsha hewa na kuchoma petroli hata ukiwa kwa jam ya Thika Road.

5. Injekta kubwa na pampu ya mafuta. Ukilenga farasi 160 kwa silinda nne, hesabu inakuja karibu cc 290 kwa dakika kwa kila injekta. Za stock za 4A-FE hazifiki hapo.

6. Sensa ya presha ya manifoldi. Sensa ya Corolla nyingi za enzi hiyo inasoma mwisho wake kwa presha ya kawaida ya hewa. Ikifika hapo, kompyuta inakuwa kipofu. Unahitaji ya bar 2 au zaidi.

7. Kompyuta inayoweza kutuniwa. Ya stock haijui supachaja ni nini. Kuna wasee hutumia regyuleta ya kuongeza presha ya petroli badala yake. Inaweza kushikilia presha ndogo, lakini haiwezi kurudisha moto wa plagi nyuma, na hapo ndipo noki inaingilia.

8. Plagi za baridi kwa hatua moja, na mwanya mdogo, kama milimita 0.7 hadi 0.8, ndio cheche isizimwe na presha.

9. Geji ya presha na kipima mchanganyiko cha eksozi. Hizi mbili si za kupiga picha za TikTok. Ndizo zitakuambia uachilie mafuta kabla haijakuwa ngori.

Na kama ndai yako ni ya kabureta, inawezekana pia. Kabureta ikikaa mbele ya supachaja, inavuta kama kawaida na petroli inasaidia kupoza rota. Shida ni kwamba hauna njia rahisi ya kurekebisha mchanganyiko kwa kila hali, kwa hivyo presha ibaki ya chini kabisa.

Mpangilio wa kazi

Usianze kwa kufunga supachaja. Anza na kompyuta mpya, injekta na sensa, injini ikiwa bado ya kawaida. Iendeshe wiki kadhaa hadi iwake vizuri asubuhi, isizime kwa jam, isikohoe. Hivyo shida ikitokea baadaye, unajua ni ya supachaja wala si ya nyaya.

Halafu funga breketi, puli na belti, uzungushe na mkono kwanza. Cheki mstari wa puli na rula iliyonyooka. Jaza oil ya supachaja. Washa, sikiliza. Mluzi ni sawa. Kukwaruza ama kugonga, zima hapo hapo.

Anza na puli kubwa ya supachaja, inayotoa presha ndogo. Ni rahisi kubadilisha puli baadaye kuliko kubadilisha pistoni.

Kutuni si kubahatisha

Kwa mwendo wa kawaida injini inachoma hewa 14.7 kwa petroli 1. Chini ya presha unataka petroli zaidi, karibu 11.5 hadi 12 kwa 1, kwa sababu hiyo petroli ya ziada inapoza silinda. Moto wa plagi nao unarudishwa nyuma. Watu wengi huanza na digrii 1 kwa kila psi, halafu wanarekebisha wakisikiliza noki.

Fanya hii kwa daino na msee anayejua, si kwa Southern Bypass saa nane usiku. Mwambie fundi aache nafasi ya presha ya pwani kwa ramani, hata kama daino iko Industrial Area. Tumia petroli ya oktani ya juu, na usitunie mafuta ambayo utaipata tu kwa petrol station moja karibu na keja yako.

Breki, klachi na makaratasi

Gari likienda haraka lazima lisimame haraka. Pedi, diski, maji ya breki, tairi na shoki zije kabla ya supachaja. Klachi ya stock inaweza kuanza kuteleza, na gia boksi ya otomatiki ya zamani itahisi huo mzigo hata kabla yako.

Kwa makaratasi: ukibadilisha injini nzima, namba ya injini kwa logbook haitalingana, na lazima upeleke mabadiliko kwa NTSA. Ukiongeza supachaja kwa injini yako, mwambie mtu wa bima. Inauma kulipa zaidi, lakini inauma vibaya zaidi ukigonga halafu waseme hukuwaambia, hawalipi.

Sasa, inafaa ama haifai?

Ongea ukweli na mfuko wako. Jumlisha kila kitu kwenye ile orodha, pamoja na fundi wa lathe na daino, halafu weka akiba ya injini nyingine pembeni. Kama hiyo akiba haipo, bado hujakuwa tayari.

Linganisha pia na njia zingine. Kutafuta 4A-GZE nzima na kompyuta yake mara nyingi kunaleta kichwa kidogo kuliko kutengeneza yako, kwa sababu Toyota walishafanya hesabu yote. Na kama shida yako ni mlima wa Limuru Road tu, huenda unahitaji plagi mpya, filta safi na injini inayobana vizuri.

Lakini kama umepiga hesabu, injini iko na afya, na una gari lingine la kwenda kazi likiwa kwa fundi, basi hakuna kitu kinafanana na kukanyaga ndai ya miaka 30 na kuisikia ikivuta kama imezaliwa upya. Anza na presha ndogo, angalia geji, na ukienda coast simama Voi ucheki oil na maji. Hiyo injini ndiyo itakurudisha nyumbani.